Ukimwita Doto, Kulwa Naye Anageuka: Mwongozo kwa Mgeni wa Ipililo

Mwongozo huu ni wa karani aliyehamishwa, mwalimu wa ajira mpya, muuguzi wa zamu, afisa ugani na mkwe mtarajiwa. Yaani kila anayefika Ipililo akiwa na daftari mkononi na hamu ya kuandika majina ya watu. Mwangaluka, kama umefika asubuhi. Mwadila, kama basi lilichelewa. Kata yetu iko wilayani Maswa, na tangu Machi 2012 Maswa ni sehemu ya Mkoa wa Simiyu, makao makuu Bariadi. Kabla ya hapo tulikuwa Shinyanga. Faili zilihama, mihuri ikabadilishwa. Kulwa na Doto hawakuhama popote. Wamo katika kila kitongoji, kila darasa, kila kwaya na kila foleni ya kuuza pamba, na usipojua namna ya kuwaita utaanza kazi kwa kuwakosea watu ambao hawajakukosea.

Kanuni yenyewe unaimaliza kwa pumzi moja. Wakizaliwa mapacha, anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Mtoto wa mimba inayofuata ni Shija. Hakuna kikao cha ukoo, hakuna kupekua vitabu, hakuna shangazi wa kupigiwa simu kutoka Mwanza ili apendekeze. Wasukuma tuna majina mengi yanayotokana na hali ya siku mtoto anapozaliwa: mvua ikinyesha utapata Mabula kwa mvulana na Kabula kwa msichana, maana mvua kwetu ni mbula. Hata hivyo, kwa siku ya mvua mzazi anaweza kuamua vingine. Kwa mapacha haamui. Wamekuja na majina yao, na kazi ya mzazi ni kuyapokea.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa ni kujua nani alitoka kwanza, na hapa usitegemee kumbukumbu ya baba. Baba alikuwa nje, akizunguka mti. Mwulize aliyepokea watoto. Na kama wewe ndiye muuguzi unayewapokea, tafadhali sana: funga alama mkononi mwa mtoto wa kwanza kabla hujamgeukia wa pili. Kipande cha plasta kinatosha, uzi unatosha. Usijiambie utakumbuka. Usiku wa manane, kibatari au sola, mama mmoja na vichanga viwili vinavyolia kwa sauti moja, hakuna anayekumbuka. Ukichanganya watoto wale, umebadilisha jina la mtu, nafasi yake katika ukoo, na nani atamwamkia nani kwa miaka 70 ijayo.

Wanaodhani natia chumvi wafungue kitabu cha Mwanzo, sura ya 38. Tamari alikuwa akijifungua mapacha, mmoja akatoa mkono, mkunga akaufunga uzi mwekundu akasema huyu ndiye wa kwanza. Mtoto akaurudisha mkono ndani, na ndugu yake akapita akatoka mbele yake. Wakaitwa Peresi na Zera, na wahubiri wanaendelea kuwajadili hadi leo. Ipililo mjadala ule usingefika jioni. Kulwa ni aliyetoka mzima, si aliyechungulia. Peresi angeitwa Kulwa, Zera angeitwa Doto pamoja na uzi wake mkononi, na mama yao angepikiwa uji.

Swali gumu zaidi limeletwa na upasuaji. Siku hizi mama mwenye mapacha waliokaa vibaya hupelekwa hospitali, na daktari akishafungua tumbo anamtoa aliye karibu na mkono wake. Wapo wazee wanaonung'unika kwamba hapo Kulwa amechaguliwa na daktari, si na Mungu. Mimi naona kanuni haijavunjika hata kidogo. Aliyetangulia kuvuta hewa ya nje ametangulia, na mlango alioutumia haumhusu mtu. Daktari akiandika kwenye faili pacha wa kwanza na pacha wa pili, pamoja na saa na dakika ya kila mmoja, amefanya kazi ya mkunga wa zamani na ameifanya vizuri. Ombi letu ni kwamba karatasi ile isiishie kabatini. Mpeni mama nakala.

Ukishamjua Kulwa, mheshimu kama mkubwa. Dakika tano zinatosha kumfanya mtu kaka au dada mkubwa. Doto anaweza kumzidi kimo, mifugo na elimu, lakini kwenye mgao wa urithi, kwenye meza ya mahari na siku ya msiba, atakayeulizwa kwanza ni Kulwa. Mgeni aliyezoea mambo ya Afrika Magharibi asije na kanuni ya huko. Wayoruba wa Nigeria humwita wa kwanza Taiwo na wa pili Kehinde, na kwao Kehinde ndiye mkubwa, kwa hoja kwamba alimtuma mdogo wake atangulie kwenda kuionja dunia. Hoja nzuri, na wana haki nayo. Ukiileta kwenye kikao cha ukoo Ipililo, Madoto wote watakupigia makofi na hutapewa nafasi ya kusema tena.

Hapo naomba nimgeukie mwalimu, maana shule ndiyo mahali ambapo Kulwa huvuliwa ukubwa wake bila mtu kukusudia. Daftari la mahudhurio hupangwa kwa alfabeti, na alfabeti haijui habari za leba. D hutangulia K. Kila asubuhi Doto anaitika kwanza, anapewa kitabu kwanza, anaitwa ubaoni kwanza, na Kulwa anakaa akisubiri herufi sita zipite. Mtoto wa darasa la pili analiona hilo. Sikuombi uvunje utaratibu wa daftari. Nakuomba siku moja moja uanze kuita kutoka chini. Na wakikaa dawati moja, usimwulize Kulwa kwa nini Doto hakufanya zoezi. Kulwa si mlezi wa Doto. Ni mwanafunzi wako mwingine, mwenye kichwa chake na daftari lake.

Jambo hilo la vichwa viwili linahitaji kukaziwa, kwa sababu Kiswahili cha mjini kimelipotosha. Gazeti likitaka kusema vitu viwili vinafanana mno, linaandika kwamba ni Kulwa na Doto. Timu mbili zikifungwa magoli yaleyale, Kulwa na Doto. Vyama viwili vikitoa ilani zinazofanana, Kulwa na Doto. Msomaji anabaki akiamini kwamba kila Kulwa ana sura ya Doto wake, anafika Ipililo, anaonyeshwa mmoja mrefu mweusi na mwingine mfupi maji ya kunde, na anadhani ametaniwa. Hajataniwa. Mapacha wa yai moja, wale wa kufanana kabisa, ni wachache, kama uzazi 4 katika kila 1,000, na idadi hiyo karibu ni ileile duniani kote. Mapacha wa mayai mawili ndio wengi kwetu Afrika, na hao hufanana kama ndugu wengine wowote wa tumbo moja: pengine sana, pengine hata pua haifanani. Kwa hiyo Kulwa na Doto wengi utakaowakuta si wa kufanana kabisa. Acha kuwakodolea macho ukitafuta tofauti, na usimwambie mmoja kwamba mwenzake ndiye mzuri zaidi. Nimesikia wageni wakilisema hilo mbele ya wasichana wa miaka 14, na sijaona sababu yoyote ya kulisema.

Linalofuata ni la anayeandika barua za mwaliko. Jina Kulwa halikuambii kama mwenyewe ni mwanaume au mwanamke, na Doto pia halikuambii. Waganda wamewasaidia makarani wao: pacha mkubwa wa kiume ni Wasswa na mdogo wake Kato, wa kike ni Babirye na Nakato, anayewafuata ni Kizza, na wazazi wenyewe hupata vyeo, Ssalongo na Nnalongo. Wajaluo nao wana Opiyo na Odongo kwa wavulana, Apiyo na Adongo kwa wasichana, na anayefuata ni Okello au Akello. Sisi tumetaja zamu tu. Basi kabla hujaandika "Ndugu Kulwa, unaombwa ufike na mkeo", uliza. Kuna Kulwa ambaye ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, na kuna Kulwa mwenye ndevu anayechunga ng'ombe. Wote wawili watafika wakiwa na barua ileile.

Mama yao naye ana namna ya kuitwa. Kuna anayeitwa Mama Kulwa, kuna anayeitwa Mama Doto, na kuna aliyekuwa na mtoto mkubwa kabla ya mapacha akabaki na jina la yule. Usichague wewe. Sikiliza majirani wanavyomwita, nawe ufuate. Kama hujasikia bado, sema mayu, inamtosha kila mama wa Usukuma, na hutakosea.

Sasa tuje kwenye wingi wao, ambao ndio mtihani mkubwa wa karani. Fika kwenye mzani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, msimu wa pamba ukishafunguliwa. Simiyu ni mkoa wa pamba, na siku ya kupima, nusu ya kata iko pale, imekaa juu ya mizigo yake. Karani kijana, mgeni, anasoma orodha.

"Doto Masanja!"

Wanainuka wanaume wawili na mama mmoja.

"Yupi, mwanangu?" anauliza mama. "Sote ni Doto Masanja."

"Mwenye kilo 84, mayu."

"Mimi nina 84," anasema mwanaume wa kwanza.

"Mimi sijui zangu, hujanisomea," anasema wa pili, na anasema kweli.

Karani anaangalia orodha, anaangalia watu, anaangalia mzani kana kwamba mzani utatoa ushahidi. Ndipo mzee mmoja aliyekaa kivulini anamwonea huruma. "Bwana karani, kalamu unayo. Andika Doto wa Kisimani, Doto wa Mashineni, na huyu mayu ni Doto wa kwa Shija. Miaka yote tunawaita hivyo."

Huo ndio utaratibu, na hakuna kozi ya menejimenti itakayokupa ulio bora zaidi. Kila Doto wa Ipililo ana mkia wa jina lake: mahali anapoishi, kazi anayoifanya, au mtu wa nyumbani kwake anayejulikana zaidi. Doto Fundi Baiskeli. Doto Mwalimu. Doto wa Kwaya. Mkia huo uandike pembeni kwa kalamu ya risasi, kila mara, hata kama fomu haina nafasi yake. Fedha za mkulima siku hizi mara nyingi hupitia benki au simu, na ukiwa na Doto watano kwenye orodha moja, kosa la herufi moja linapeleka jasho la mwaka mzima kwa mtu aliyelala. Kuzirudisha ni safari za ofisi kwa ofisi, na mkulima aliyekuja na kilo 84 hana nauli ya safari hizo.

Unaponunua zawadi, nunua mbili, na ziwe sawa. Hapa sina maelezo marefu. Khanga mbili, madaftari mawili, pipi mbili. Ukileta moja na kusema watagawana, umeleta kesi. Mzazi wa mapacha anaijua hesabu hii kuliko mtu yeyote. Januari 2016 ada ilifutwa katika shule za umma hadi kidato cha nne, na tunashukuru. Lakini sare ni mbili siku moja, viatu jozi mbili siku moja, madaftari mara mbili, na hakuna cha mkubwa kumrithisha mdogo shati lililombana, kwa sababu linawabana wote wiki ileile. Anayetaka kuwaheshimu Kulwa na Doto kwa vitendo aanzie kwenye viatu.

Nimefika kwenye kipengele ambacho ndicho hasa kilichonifanya niandike mwongozo huu, na naomba ukisome polepole.

Utakutana na Doto peke yake. Utafurahi kwamba umeshajifunza kanuni, utatabasamu na kumwuliza, "Na Kulwa yuko wapi?" Usiulize.

Mwaka 2017 watafiti wawili, Christiaan Monden na Jeroen Smits, walichapisha katika jarida la Lancet Global Health hesabu za vifo vya mapacha katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Waligundua kwamba karibu pacha mmoja kati ya watano alikuwa akifariki kabla ya kutimiza miaka mitano, kiwango cha takriban mara tatu ya watoto waliozaliwa peke yao. Sababu zinajulikana na kila mkunga: wanazaliwa kabla ya wakati, wanazaliwa na uzito mdogo, uzazi wenyewe huwa mgumu, na kituo chenye vifaa kinaweza kuwa mbali. Hali imeendelea kuwa nafuu, ila wengi wa Doto watu wazima unaokutana nao walizaliwa zamani, na baadhi yao hawakumwona Kulwa wakamkumbuka. Wanalijua jina lake kwa sababu wao wenyewe wanaitwa Doto.

Hapo ndipo jina hili linapotofautiana na majina mengine yote ninayoyajua. Mabula anaweza kuishi maisha yake bila kufikiria mvua. Doto kila akiitwa anatajiwa kwamba hakuja peke yake. Kwa aliye na ndugu yake hai, hiyo ni furaha ya kila siku, tena bila gharama. Kwa aliyebaki, ni jambo zito, na ni haki yake kuchagua lini alizungumze na nani. Jina halibadilishwi kwa sababu mmoja ameondoka. Aliyebaki haongezewi la mwenzake, wala hapandishwi cheo kuwa Kulwa. Na Shija akizaliwa, ataitwa Shija vilevile, hata kama mapacha waliomtangulia hawakufikisha wiki. Ukoo unaendelea kuwahesabu wote. Bibi akitaja wajukuu wake atamtaja na yule, katika zamu yake, kisha ataendelea na aliyefuata. Mgeni unayeandika idadi ya watoto, sikiliza hadi mwisho ndipo uulize wangapi wako nyumbani. Usimkatize bibi kumwambia kwamba huyo hahesabiwi.

Kwa hiyo namna sahihi ya kumwuliza Doto ni kutomwuliza. Sema naye mambo yenu ya kawaida. Kama Kulwa yupo, utamsikia mapema tu. Mapacha wakubwa hawamalizi mazungumzo bila mmoja kumsingizia mwingine. Kama hayupo, siku moja utaambiwa, na siku hiyo utajua kwamba sasa wewe si mgeni tena.

Usijifunze kanuni ukawa hakimu, vilevile. Utakutana na Kulwa aliyezaliwa peke yake, na utataka kumsahihisha. Tulia. Kwetu mtoto hupewa jina la bibi au babu, na kama bibi alikuwa Kulwa, mjukuu ni Kulwa, hata kama alikaa tumboni kwa nafasi. Majina haya pia yamekuwa majina ya pili na ya ukoo. Dk. William Shija, waziri wa zamani wa Tanzania, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Chama cha Mabunge ya Jumuiya ya Madola kuanzia 2007 hadi alipofariki 2014, alilipeleka jina la mtoto anayefuata mapacha hadi London, na huko walilitamka bila kujua habari za mapacha wowote. Agosti 2023 Doto Biteko alipoteuliwa kuwa Naibu Waziri Mkuu, jina la mtoto wa pili likasomwa katika kila taarifa ya habari nchini.

Wala usije na hoja kwamba majina haya ni ya Wasukuma peke yao. Wasukuma tumehama na ng'ombe zetu hadi Katavi, Rukwa, Usangu, Kilombero na Lindi, na huko kote Kulwa na Doto wamefika na wameoa. Na Pwani wanayo ya kwao siku nyingi. Mwaka 1960 Muhammed Saleh Farsy alichapisha riwaya kuhusu maisha ya kijiji cha Unguja, na akaiita Kurwa na Doto, kwa r kama watu wa huko wanavyotamka. Ndiyo maana mtoto wa Pwani na mtoto wa Ipililo wakikutana, mmoja Kurwa na mwingine Kulwa, hawahitaji mkalimani. Anayegombania nani alianza anapoteza muda ambao angeutumia kumnunulia mtoto viatu.

Waislamu wengi huwaita mapacha wa kiume Hassan na Hussein, kwa heshima ya wajukuu wa Mtume, na Wakristo nao huleta Petro na Paulo, ambao Biblia haisemi popote kwamba walikuwa hata ndugu. Ni majina mazuri ya cheti. Nyumbani Petro ataendelea kuwa Kulwa. Usimwulize lipi ni la kweli. Yote mawili ni yake, na la nyumbani ndilo alilotangulia kuliitikia.

Limebaki suala la tahajia, na hapa nasema na maofisa wote wenye kompyuta, kutoka kata hadi Bariadi. Doto huandikwa kwa t moja. Yupo pia Dotto wa t mbili, na huyo aliandikwa hivyo na wazazi wake au na karani wa zamani aliyependa mikazo. Kulwa huandikwa kwa l. Yupo Kurwa wa r. Kila mmoja ana haki ya kubaki kama alivyo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Magazeti yalimwandika hata Biteko, alipokuwa Naibu Waziri Mkuu, kwa t moja leo na kwa t mbili kesho. Yeye alikuwa na ofisi ya kumsahihishia. Kijana wa Ipililo ambaye cheti cha kuzaliwa kinasema Doto, cheti cha shule kinasema Dotto na kitambulisho cha Taifa kinasema Doto tena, anatakiwa aende kwa wakili au mahakamani kula kiapo kwamba yeye ni yeye. Analipa. Anapoteza siku ya palizi. Akikosa fedha, anakosa mkopo wa chuo au kazi. Yote hayo kwa sababu mtu mmoja mwenye kibodi alidhani t moja haitoshi.

Kwa mapacha hatari ni mara mbili, na hili wengi hawalijui. Namba ya kitambulisho cha Taifa, ile ya NIDA, ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kulwa na Doto waliozaliwa siku moja wanaanza na tarakimu zilezile nane. Jina la baba ni lilelile, la ukoo ni lilelile, kijiji ni kilekile, mara nyingi na shule ni ileile. Kinachowatenga kwenye orodha ni jina la kwanza. Ukiandika "Kulwa" mara mbili kwa uvivu wa kunakili mstari wa juu, umemfuta mtu. Nenda pole. Andika mmoja, msomee, akubali, kisha uandike wa pili.

Nanyi wazazi, sheria inawapa siku 90 za kuandikisha kizazi kwa wakati, na watoto wa chini ya miaka mitano huandikishwa na kupewa cheti bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata. Wapelekeni wote wawili siku moja. Mtajeni Kulwa kwanza, ndipo Doto. Ombeni vyeti vyote viwili, visomeni herufi kwa herufi pale pale kaunta, na kama kuna t iliyozidi, msitoke mlangoni hadi itolewe.